Vifaranga Wanane Ambao Sikuwaonyesha Kwa Video

Wacha niseme hii mapema. Ile video yangu ya vifaranga, ile mliipenda mkaanza kuniuliza mashine nilitoa wapi, kuna vifaranga wanane walikufa kwa sababu yake. Hao sikuwaonyesha.

Inkubeta niliinunua na mkopo wa chama, na aliyeuchukua ni mathe, kwa jina lake. Ni ya mayai 64, inayageuza yenyewe, na chini ina kisahani cha maji. Muuzaji akaniambia kazi yangu ni kuwasha stima na kungoja siku 21. Shosho alikuwa hapo akichambua maharagwe. "Na stima ikienda, ni wewe utayalalia?" Tukacheka. Tuko Limuru, na ilikuwa Julai.

Mayai niliyaleta kwa bodaboda, barabara ya mawe, nikayaingiza mashine hapo hapo. Kumbe yai likisafiri hivyo linafaa kupumzika kwanza, sehemu iliyochongoka ikiangalia chini. Siku ya saba nilizima taa nikayapima na tochi ya simu. Yai zima unaona mishipa ya damu kama mizizi. Kumi na moja hayakuwa na kitu, mwanga unapita tu. Nikatoa, nikabaki na 53.

Stima ilienda usiku wa siku ya kumi na nne. Joto linafaa kukaa nyuzi 37.5 hivi, na mimi naona namba zinashuka: 36, 35, halafu kioo chenyewe kikazima betri ilipoisha. Tulizungusha chupa za maji moto kando ya mashine, tukaifunika blanketi tukiacha matundu ya hewa wazi. Mathe hakuniambia neno. Alikuwa anachemsha maji, anabadilisha chupa, anarudi jikoni, kama mtu ana mgonjwa kwa nyumba. Stima ilirudi karibu saa kumi na moja alfajiri.

Na tulivuka hapo! Hiyo ndiyo inaniuma.

Siku ya kumi na nane nikazima ile kitu ya kugeuza, nikaongeza maji. Unyevu unafaa kupanda kutoka asilimia 50 na kitu hadi 65 au zaidi, ndio ngozi ya ndani ya yai ibaki laini. Baada ya hapo mashine haifunguliwi. Nilijua. Nilikuwa nimesoma.

Lakini kioo cha mfuniko kilikuwa na mvuke na video ilikuwa inatoka na ukungu. Kifaranga wa kwanza alipotoboa ganda nikafungua kidogo. Mara nyingine tena. Mara ya nne nilikaa hapo karibu dakika tano nikitafuta pembe nzuri, na baridi ya Limuru inaingia. Unyevu ukitoroka hivyo ile ngozi inakauka inamshika kifaranga kama gundi. Nilisikia wakilia ndani ya ganda hadi jioni. Kufika asubuhi wanane walikuwa kimya, mdomo umetokeza tu.

Walitoka 31. Mengine 14 hayakutoboa kabisa, na hayo siwezi kujua kama ni ile stima ama ni bodaboda. Hao wanane najua.

Mathe aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo tunalipa chama na hao 31?" Nikasema eeh. Shosho naye kuku wake alikuwa amelalia mayai 12 nyuma ya jiko, akatoa vifaranga 11, na jameni hajaacha kunikumbusha.

Kwa hivyo mkiniuliza kama mashine ni nzuri, ni nzuri. Anayeuza akikuambia 64 inaingia 64 inatoka, anataka pesa yako. Mkopo umebaki miezi mitatu. Jana nimeweka mayai mengine, yamelala siku nzima kabla ya kuingia, na kuanzia siku ya kumi na nane simu yangu itakaa na shosho.