Ololosokwan Bila Chapati

Daktari kamwambia mpenzi wako ana seliaki, aachane na ngano maisha yote, na likizo mmeshaipanga? Msikate tamaa. Nendeni Ololosokwan!

Kijiji hiki cha Wamasai kipo Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya na lango la Klein's la Serengeti. Mkitokea Karatu mnaacha nyuma mashamba ya ngano na shayiri, mnaingia nchi ya ng'ombe. Hapo na chakula kinabadilika: maziwa, nyama ya kuchoma, ugali, loshoro ya mahindi na mtindi. Kwa asili vyote havina gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayoharibu utumbo mwembamba wa mwenye seliaki.

Ila msibweteke. Siku hizi chai huja na chapati au maandazi, na mgeni kukataa cha mwenyeji si jambo dogo. Hapo ndipo mapenzi yanapopimwa. Usimwache mwenzio ajitetee peke yake! Ukishatoa shikamoo, wahi kusema: "Mama, mwenzangu ngano inamdhuru, lakini chai yako ya maziwa tutamaliza birika zima." Umemlinda mpenzi, na mwenyeji hajadharauliwa.

Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi muzikwepe, maana hata chembe ndogo inadhuru. Bia ya shayiri nayo basi.

Na mkirudi mjini, wewe unayeruhusiwa chapati, jizuie kidogo mbele yake. Ugali wa watu wawili una utamu wake, bwana!