Kukitunza Chombo Kisicho Chako

Watu wa bodaboda hawasemi sana "pikipiki". Wanasema chombo. "Chombo kimelala wapi?" "Chombo kinasumbua klachi." Watu wa pwani wamelitumia neno hilo hilo kwa jahazi miaka na miaka, na sioni kama limepotea njia. Nahodha naye alikikalafati chombo chake kwa pamba na mafuta, akakipa jina, ndipo akakikabidhi roho yake baharini.

Kijiwe cha karibu na ninapoishi, Kimara, kina vyombo kama kumi na tano. Ukipita saa kumi na mbili asubuhi utakuta ndoo, sabuni ya unga, kitambaa kilichowahi kuwa fulana ya kampeni, na mswaki uliostaafu kazi ya mdomoni. Mswaki ni wa spoku na wa mapezi ya injini. Boxer nyingi unazoziona mjini hazina rejeta, zinapozwa na upepo, kwa hiyo tope likiziba mapezi yale, injini inachemka ukiwa kwenye foleni. Anayepita na suti anaona kijana anajipendekeza na pikipiki. Kijana mwenyewe yuko kwenye matengenezo.

Nimekaa nao vya kutosha, kwanza kwa kazi yangu ya uandishi wa habari, halafu kwa sababu za kifamilia, hadi nimeokota elimu kidogo. Injini ya Boxer inabeba oili kama lita moja tu, na chombo kinatembea kutwa, kwa hiyo wengi wanamwaga oili kila wiki mbili, wengine kila wiki. Cheni inapimwa kwa kidole: ikilegea sana itaruka, ikikaza sana itakula sproketi. Plagi ikifunguliwa inasomwa kama barua. Nyeusi yenye masizi, mafuta yanazidi. Nyeupe, mafuta ni pungufu. Kahawia, rudisha, kazi iendelee.

Wasomaji wa vitabu wanaweza kumkumbuka Robert Pirsig, Mmarekani aliyechapisha Zen and the Art of Motorcycle Maintenance mwaka 1974. Ndani yake kuna rafiki mwenye BMW ambaye usukani wake unalegea. Msimulizi anataka kuukaza kwa kipande cha bati la kopo la bia, rafiki anaona ni kuidhalilisha BMW yake. Nilipowasimulia vijana wa kijiweni walicheka hadi mmoja akashuka kwenye kiti. Wao wamekaza vitu kwa mpira wa tyubu, kwa waya wa umeme, kwa kipande cha kandambili. Pirsig alikuwa anauliza ubora ni nini na unakaa wapi, kwenye kitu au kwa mtu anayekitazama. Kijiweni swali hilo lina jibu la vitendo: ubora unakaa pale unapojua kwamba kikizimika Ubungo saa nne usiku, mkono wako utakipata kilipoumwa.

Lakini tusidanganyane, mapambo nayo yapo, na mengi hayana uhusiano wowote na injini. Kuna nailoni ya dukani ambayo haibanduliwi kwenye taa hadi ichanike yenyewe. Kuna kava la kiti lenye rangi nyekundu ya Simba, na la jirani yake lina kijani na njano ya Yanga, na hapo pana ubishi wa kutosha kumaliza siku isiyo na abiria. Na kuna maandishi kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya tairi. Wivu hauna dawa. Mama ni mmoja. Acha waseme.

Sisi tunaopenda fasihi tunaandika makala ndefu kuhusu majina ya kanga, jinsi mwanamke anavyosema na jirani bila kufungua mdomo. Mpira huu wa nyuma ya tairi ni ndugu wa kanga. Unasomwa na anayekufuata kwenye foleni, ambaye humjui, na unamwambia jambo moja ambalo umechagua mwenyewe. Kijana ambaye asubuhi askari kamfokea, mchana abiria kamwita "we boda", jioni tajiri kampigia kudai hesabu, amepata sehemu moja yenye ukubwa wa kiganja ambayo hakuna mtu wa kumhariri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Vyombo vingi pale kijiweni si vya wanaoviosha.

Mdogo wangu alipochukua Boxer, aliichukua kwa mkataba. Tajiri ananunua, kadi inabaki na jina la tajiri, dereva analeta elfu 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 14. Piga hesabu, ni kama milioni 3 na laki 6 hivi. Mafuta juu yake, oili juu yake, tairi juu yake. Miezi ikiisha kadi inabadilishwa jina. Mkataba ulikuwa karatasi moja ya daftari, na saini mbili.

Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa anaosha kitu ambacho kisheria ni cha mtu mwingine. Mama alikuwa anamtania, "Mwanangu, mchumba wa watu huyo." Yeye akijibu, "Mahari nalipa kila siku, mama." Ukichunguza utani huo utaona ndipo fahari yao inapotoka. Mwenye mali anaweza kuzembea, mali haitamkimbia. Anayeilipia kidogo kidogo anaosha siku alizokwisha kulipa pamoja na zile ambazo bado.

Mwezi wa 11 gari dogo lilimgonga ubavuni akiwa anakata kona, likaondoka. Nilipofika hospitali alikuwa kwenye machela, mguu umefungwa mbao. Aliniona, akasema, "Kaka, shikamoo. Chombo kikoje?"

Nimelichunguza swali hilo muda mrefu kuliko maswali mengi niliyowahi kuuliza mawaziri. Aliyeuliza ni mtu ambaye helmeti yake ilikuwa inaning'inia kwenye saitimira siku nyingi za joto, ila kava la kiti lake halikukosa siku hata moja. Wenzangu mjini wanaliita hilo ujinga. Mimi naona ni hesabu. Chombo kina bei, kila mtu anaijua, na kikiharibika kuna mtu atapiga simu ndani ya saa moja. Mguu wa dereva hauna bei mpaka siku ya bili. Karatasi ile ya daftari ilieleza tairi, oili, hata faini za trafiki ni za nani. Kuhusu dereva kuumia, hapakuwa na neno.

Tajiri alikuja siku ya pili, akapitia kwanza kwa fundi kutazama chombo. Bampa na saitimira tu. Siku ya tatu alikuwa amempa dereva mwingine. Siku ya nne mama alimwendea nyumbani kwake na daftari ambalo mdogo wangu alikuwa akiandika kila elfu 10 aliyolipa, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko ule ule wa mtu anayesugua spoku na mswaki. Walizungumza karibu saa mbili. Mama alirudi na makubaliano: miezi iliyolipwa inahesabika, iliyobaki itaendelea mguu ukipona.

Ulipona baada ya miezi mitano, ukiwa umepinda kidogo. Kadi sasa ina jina lake.

Pale kijiweni bado wanaandikishana kwenye karatasi za daftari. Ila juzi nilionyeshwa mkataba mpya wa kijana wa miaka ishirini, na chini kabisa, baada ya tairi na oili na faini, kuna mstari ulioongezwa kwa kalamu ya rangi nyingine: dereva akiumia, hesabu inasimama mpaka apone, na chombo kinamsubiri. Tajiri ametia saini pembeni ya mstari huo. Aliyeudai uandikwe, na kusimama pale mpaka ukaandikwa, ni mdogo wangu.