Kitanda Nyuma ya Pikapu

Kila Septemba chama chetu huenda kulala usiku mmoja Vedauwoo, kule Wyoming, kati ya Laramie na Cheyenne. Wenzetu waliokulia Mwanza wakifika pale husimama na kushangaa, maana mawe ni kama ya kwao: majabali makubwa yamepandana, mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba yatabingirika kesho. Tofauti ni baridi. Mahali pale pana urefu wa karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana unaweza kuvaa fulana, na alfajiri ukakuta maji ya chupa yameshika barafu.

Twaenda kwa ajili ya lugha. Mikutanoni tunasema Kiswahili kwa nusu saa, kisha Kiingereza kinajipenyeza. Kule mlimani, watu wakishalala chali na taa zimezimwa, hadithi hutoka zenyewe, na wale wanaojifunza lugha hii ukubwani hujikuta wanauliza "halafu ikawaje?" bila kutafuta maneno. Ndiyo maana suala la nani alale juu ya nini kwetu si la anasa. Asiyeweza kulala haji, na asiyekuja anaukosa usiku wenyewe.

Mwaka jana suala hilo lilikuwa na uzito zaidi. Tuna mwenzetu tunayemwita Dada Mkubwa kwa kuwa ametuzidi sote umri. Alizaliwa Fizi, Kongo, na utoto wake ulipita Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi wa Kikongo. Wengine wetu tukisikia kambi twafikiria skauti, au timu ya taifa inayojiandaa kwa mechi. Kwake kambi ni turubai, foleni ya maji, mkeka juu ya udongo na kibali cha kutoka nje. Tangazo letu liliposema "tunakwenda kupiga kambi", alicheka, kisha akanyamaza.

"Wadogo zangu," alituambia, "chini nimelala vya kutosha. Nendeni, mtanisimulia."

Hatukumbembeleza. Ila mmoja wetu ana pikapu yenye kanopi, akamwuliza, "Na kama si chini, Dada?" Alifikiri kidogo, akajibu, "Nionyesheni hicho kitanda kwanza." Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo tulikubaliana kwamba atakayekilalia ndiye atakayechagua.

Tulianza na kupima. Pikapu za Marekani hazilingani nyuma: kuna zenye urefu wa futi tano na nusu hivi, zenye sita na nusu, na zenye nane. Yetu ni ya futi sita na nusu, yaani sentimita 198, inayomtosha mtu mrefu kujinyoosha na mlango wa nyuma umefungwa. Upana ndio wenye hila. Pale magurudumu yanapoinukia ndani, nafasi inayobaki katikati ni kama futi nne. Wawili wanaenea, watatu watagombana.

Kisha tukaegesha nje ya mabweni na kujaribu vitanda vitatu, kimoja baada ya kingine, wapita njia wakitutazama.

Cha kwanza kilikuwa kitanda cha kukunja cha turubai na mabomba. Kinaonekana kitanda hasa, na tulidhani atakipenda. Lakini chini ya kanopi kilimwinua mno. Alipoketi, kichwa kikagonga paa. "Hapa nitaamka kwa kutambaa," alisema, akashuka.

Cha pili kilikuwa godoro la upepo. Ni laini, na likikunjwa linaingia kwenye begi. Ubaya wake ni baridi. Bodi ya pikapu ni chuma, na chini yake upepo unapita usiku kucha. Hewa iliyo ndani ya godoro lisilo na kizuizi cha joto huzunguka na kukupora joto la mgongo. Tena hewa ikipoa husinyaa, na godoro ulilolijaza jioni likawa gumu hukutwa alfajiri limelegea. Tukikumbuka kwamba wawili wangelilalia, kila mmoja akijigeuza humrusha mwenzake.

Cha tatu kilikuwa godoro la sponji la sentimita kumi, tulilolikata pembeni kwa kisu ili likwepe magurudumu. Chini yake tuliweka ubao wa plaiwudi, na juu ya ubao mikeka miwili ya povu ya wapanda milima. Mikeka ya namna hiyo huandikwa kipimo kwa herufi R: namba ikiwa kubwa, joto halipotei upesi, na ukipanga miwili, namba zao hujumlishwa. Hili wengi hatukulijua. Tulizoea kuongeza blanketi juu, kumbe blanketi unalolilalia hubanwa na uzito wako na kuacha kukukinga. Penye baridi, kitanda hujengwa kuanzia chini.

Dada Mkubwa alilala pale dakika kumi, macho yamefumbwa. Alipoinuka hakusema neno juu ya ulaini. Alishusha mlango wa nyuma, akaketi juu yake, akavaa viatu miguu ikining'inia. "Hapa nimeketi kama mtu," alisema. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Funguo za gari atalala nazo nani?"

Mwenye gari alimkabidhi hapo hapo. Ndipo tulipoelewa alichokuwa anakipima muda wote. Sponji na plaiwudi vilimhusu, lakini zaidi alitaka kulala mahali ambapo angeweza kuondoka saa yoyote bila kumwomba mtu ruhusa.

Tulikwenda watu wanane. Dada Mkubwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza walilala kwenye pikapu, sisi wengine kwenye mahema kandokando. Dirisha la kanopi liliachwa wazi upana wa vidole viwili, kwa sababu pumzi za watu wawili hugeuka matone yanayodondoka usoni usiku. Mtu alipopendekeza jiko la mkaa liingizwe ndani lipashe joto, tulikataa kwa sauti moja. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kidogo kilichofungwa huwa kaburi. Badala yake kila mmoja alipewa chupa ya maji moto ya kuweka miguuni.

Usiku ule msimulizi alikuwa yeye. Alizungumza akiwa ndani ya pikapu, mlango umeshushwa, sisi tumetoa vichwa kwenye mahema. Alitusimulia jinsi watoto wa Nyarugusu walivyotengeneza mpira kwa mifuko ya plastiki, na jinsi Kiswahili cha Fizi kilivyochanganyika na cha Kigoma mpaka walimu wakakata tamaa ya kusahihisha. Tulicheka sana. Asubuhi aliamka wa mwisho, funguo ziko mfukoni mwa koti.

Tangazo la mwaka huu limeandikwa "safari ya Vedauwoo". Neno kambi tumeliondoa. Dada Mkubwa amejiandikisha wa kwanza, na ameomba godoro liongezwe sentimita tano. Nafasi ya pili ndani ya pikapu bado iko wazi. Anayeumwa mgongo, anayeogopa baridi, au mwenye sababu yake asiyotaka kuieleza, atuambie mapema jinsi anavyolala. Vipimo tunavyo, na kisu cha kukatia sponji bado kina makali.