Mwanga Chini ya Blanketi

Wazazi wenzangu, leo nina kosa la kuungama juu ya simu, maana tumezoea kuwalaumu watoto peke yao.

Usiku mmoja wa mwaka jana niliamka saa nane, nikaona mwanga chini ya blanketi la binti yangu. Ana miaka 15. Nikadhani ni mambo ya wavulana. Sikumwuliza neno, nilimnyang'anya simu, nikaifungia sandukuni, nikarudi kulala kama mtu aliyetimiza wajibu wake.

Tangu hapo mtoto akawa kimya. Chakula alikigusa tu. Asubuhi alisema kichwa chamwuma, wala hakutaka kwenda shuleni. Nami nikasema kwa majivuno: ‘Tazameni, huo ndio ulevi wa simu!’ Mama yake hakuridhika. Siku ya nne, walipokuwa wakitwanga sombe uani, mtoto akaacha mchi akalia, akasimulia yote.

Majira ya mvua alianguka matopeni njiani. Mwenzake akampiga picha, akaipeleka katika kundi la darasa lao la WhatsApp, na kila usiku wengine waliongeza maneno ya kumcheka. Yeye alikesha ili asome yote, apate kujua kesho atapokewaje mlangoni pa darasa. Nilipomnyang'anya simu, dhihaka haikukoma. Ila yeye hakuiona tena. Alikwenda shuleni kama mtu aingiaye gizani, asijue nani yumo ndani.

Sisi wa Kolwezi hatuwezi kusema simu ni kitu cha ugenini. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na madini hayo hutiwa katika betri za simu. Pale Kasulo watu walichimba hata ndani ya nyua zao. Mimi ni dereva wa lori. Miaka mingi nimepeleka madini hadi mpakani Kasumbalesa, wala sikujiuliza yatarudi nyumbani kwangu kwa sura gani.

Basi nikaanza kusoma. Mwaka 2024 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza uchunguzi wa mwaka 2022, uliohusu vijana karibu 280,000 wa miaka 11, 13 na 15 katika nchi 44. Katika kila 100, vijana 11 walishindwa kujizuia katika mitandao; mwaka 2018 walikuwa 7. Wasichana walikuwa 13, wavulana 9. Ni hesabu za Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, si za kwetu. Lakini dalili zake nilizitambua: kukosa raha mtu awapo mbali na simu, na kuacha shughuli nyingine. Aibu ni kwamba nilizitambua kwangu mimi kwanza.

Australia imetunga sheria, nayo ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ya kuwazuia watoto wasiofika miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa. Labda ni vyema. Hapa kwetu mtoto akikosa simu yake huazima ya jirani.

Mama yake alikwenda kwa mama wa yule mpiga picha. Wakaketi pamoja, wakazungumza kwa upole, na picha ikafutwa, ingawa nani ajuaye ilikuwa imefika katika simu ngapi? Mwalimu naye alisema na darasa. Binti anakula sasa. Kucheka bado hacheki kama zamani, nami simharakishi.

Simu nilimrudishia. Tulipatana kwamba saa mbili za usiku simu zote ziwekwe katika kikapu chumbani mwetu, maana kijana wa umri wake ahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akauliza kama ‘zote’ ni zote. Nikajitetea kwamba tajiri wa lori hunipigia wakati wowote. Mama yake akacheka sana.

Juzi nilirudi safarini nimechoka, nikaketi nikisoma habari za bei ya kobalti. Sikuona saa zikipita. Binti akaja na kikapu, akasimama mbele yangu, akanyosha mkono.

‘Baba,’ akasema, ‘imebaki yako.’