Kutoka Almasi ya Mwadui hadi Dhahabu ya Geita: Nani Atatunza Kumbukumbu za Vita?

Ndugu msomaji, ukipata likizo na nauli ikakutosha, iko safari moja yafaa uifanye pamoja na jamaa yako: ile ya kutoka mjini Shinyanga, kupitia Mwadui na Kahama, hadi Geita, kisha kurudi kwa upande wa ziwa. Wengi wetu tuishio mijini huijua sehemu hii ya nchi kwa mambo matatu tu, yaani pamba, ng'ombe na madini. Lakini imo humo historia nyingine, historia ya vita na ya ndege, ambayo ni wachache waisimuliao. Makala haya yanakusudia kukuonyesha njia ya historia hiyo, na kukuuliza swali moja ambalo sote tunapaswa kulijibu.

Ukitoka nje ya mji wa Shinyanga utakutana kwanza na tambarare pana, mibuyu iliyosimama peke yake, na vilima vya mawe makubwa yaliyopandana. Tazama vizuri utaona pia vichaka vilivyoachwa vikue bila kukatwa. Hivyo huitwa ngitili. Ni desturi ya kale ya Wasukuma ya kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa masika ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Nchi hii ilipokaribia kuwa jangwa, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, na mafanikio yake makubwa yalitokana na kuifufua desturi hiyo. Likumbuke neno hili ngitili, maana tutalihitaji mwisho wa safari.

ALMASI WAKATI WA VITA

Kituo chetu cha kwanza ni Mwadui, karibu na mji mdogo wa Maganzo, katika barabara ya kwenda Mwanza. Hapo ndipo mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, Dk. John Williamson, alipogundua mwamba wenye almasi ambao upana wake ni hekta 146, mmojawapo wa mikubwa kabisa iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo baada ya kuchongwa ilibaki karati 23.6 na kupewa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya arusi.

Habari ya almasi hiyo ya waridi husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni ya almasi za kawaida. Mgodi ulianza wakati dunia imo vitani, na almasi si pambo peke yake. Zile zisizofaa kwa vito hutumika kukatia na kusagia vyuma vigumu, na viwanda vya silaha, vikiwemo vile vilivyotengeneza injini za ndege, vilizihitaji kama mkulima anavyohitaji jembe. Mgodi ulikuwa na uwanja wake wa ndege, na Mwadui bado una uwanja huo. Ukisimama ukingoni mwake utaelewa kwamba sehemu hii ya bara, iliyo mbali na bahari, ilifungamana na mambo ya anga mapema kuliko tudhaniavyo. Kwa hakika, hata kabla ya Mwadui, shirika la Imperial Airways lilipofungua safari yake ya kwanza ya Afrika mnamo Februari 28, 1931, mwisho wa njia hiyo kutoka London ulikuwa Mwanza, ambako ndege zilitua juu ya maji ya ziwa.

NDEGE ZILIZOANGUSHA CHAKULA

Lakini ndege zilizogusa maisha ya watu wa nyumba zetu ni nyingine. Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika wapatao 87,000 walichukuliwa jeshini. Wengine walijiandikisha wenyewe, wengine waliandikwa kwa nguvu. Waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walivushwa bahari hadi Burma, na mwaka 1944 walipewa kazi ya kuwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa.

Ndugu msomaji, jaribu kuifikiria kazi hiyo. Barabara iligeuka tope, malori yakazama, na malaria ikaangusha watu kama risasi. Chakula, dawa na risasi havikuweza kufika kwa nchi kavu. Ndipo ilipokuja kazi ya ndege aina ya Dakota, zenye injini mbili na mabawa ya karibu mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Ziliruka chini katikati ya milima na mawingu, zikaangusha mizigo, mingine kwa miavuli na mingine bila. Kijana aliyezaliwa kijijini Usukumani, ambaye pengine hakuwahi kupanda hata gari moshi kabla ya vita, alikaa msituni akisikiliza mngurumo wa injini ili ajue kama siku hiyo atakula. Mwanzoni mwa Desemba 1944 divisheni hiyo iliuteka mji wa Kalewa, na kwenye Mto Chindwin likajengwa daraja la vyuma la urefu wa mita 350 hivi, ambalo majeshi yalipita kwenda mbele.

Askari hao walirudi. Wengine walirudi kulima pamba, wengine wakaenda migodini. Walileta nishani, koti la jeshi, kijitabu cha kuachishwa kazi, na hadithi. Leo walio hai ni wachache mno. Nishani nyingi zimechezewa na wajukuu zikapotea, na makoti yaliishia kufunikia magunia.

Vita vingine vya ndege vilikuja baadaye na vilitufikia hapa hapa nyumbani. Wakati wa vita vya Kagera, mnamo Machi 29, 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilishambulia Mwanza ikaukosa mji. Makombora yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, yakaua baadhi ya wanyama wa hifadhi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na huenda wanawe hawajawahi kuambiwa habari hiyo.

WALIOFUFUA NDEGE KWA MIKONO YAO

Wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje? Tuchukue mfano wa nchi ileile aliyotoka Dk. Williamson. Katika mji wa Hamilton, Kanada, liko jumba la makumbusho ya ndege za vita lililoanzishwa mwaka 1972 na marafiki wachache waliokuwa na ndege moja tu. Mwaka 1977 walipata ndege kubwa aina ya Lancaster, yenye injini nne, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imesimamishwa juu ya nguzo katika mji mdogo wa Goderich kuwa ukumbusho. Ilikuwa imenyeshewa na mvua na kufunikwa na theluji. Iliwachukua miaka kumi na mmoja kuitengeneza. Iliruka tena Septemba 1988, na hadi leo ni moja kati ya Lancaster mbili tu duniani ziwezazo kuruka.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea: mafundi waliostaafu, askari wa zamani, na vijana waliotaka kujifunza. Na kazi yenyewe si ya miujiza. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, bali hutoka unga mweupe unaoila polepole kwa ndani. Kwa hiyo fundi hana budi kuondoa rangi yote, kulikagua kila bati, kung'oa ribiti zilizolegea moja baada ya moja, kukata bati jipya kwa kufuata la zamani, kisha kuligonga ribiti upya. Sehemu zisizopatikana tena dukani hukerezwa upya. Kila kilichoondolewa huandikwa na kuwekewa alama, ili atakayefuata ajue kipi ni cha asili na kipi ni cha kufidia. Jumba hilo lina pia Dakota iliyotumika vitani, ndugu wa zile zilizowalisha wazee wetu kule Burma.

Njia yao haikuwa nyepesi. Mwaka 1977 mmoja wa waanzilishi alikufa katika ajali ya ndege yao ya kwanza, na Februari 1993 moto uliteketeza banda na ndege tano. Hawakuacha. Mwaka 1996 walifungua jumba jipya.

MAFUNDI TUNAO

Pengine utasema hayo ni mambo ya matajiri. Basi tuendelee na safari. Kutoka Shinyanga shika njia ya Kahama, kisha uelekee kaskazini kupitia Bulyanhulu hadi Geita. Mji wa Geita umekua juu ya dhahabu. Mgodi wa wakati wa ukoloni ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kandokando yake wako wachimbaji wadogo wenye maduara yao, huko Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa.

Usiishie kutazama dhahabu. Tazama mikono ya watu. Sikiliza makarasha yakisaga mawe, halafu mtafute fundi anayeyahudumia. Utamkuta amekaa juu ya kopo, mbele yake injini iliyofunguliwa vipande vipande, na kila nati ameiweka mahali pake juu ya gunia ili asisahau ilikotoka. Kipuri kisipopatikana, hukichonga au hukichomelea. Mtu wa namna hiyo, akiungana na mkerezaji wa gereji ya Kahama na mhandisi aliyestaafu mgodini, ana sehemu kubwa ya ujuzi uliohitajika Hamilton. Kinachobaki ni mwongozo wa wataalamu wa makumbusho, na nia.

Tena liko jambo la kuharakisha. Katika sehemu hizi, kama ilivyo mijini mwetu, biashara ya vyuma chakavu haina macho. Mizani ya mnunuzi haitofautishi kipande cha mtambo wa mwaka 1940 na sufuria iliyotoboka. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda zaidi vitu vya kabla ya mwaka 1863, na vya baadaye huhitaji kutangazwa rasmi. Vitu vya vita vya 1939 hadi 1945 ni vya baadaye. Asipovilinda mwenye navyo, vitakwenda kuyeyushwa.

MFANO ULIO KARIBU

Ukirudi kutoka Geita, vuka ziwa kwa Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa mwaka 2025 kati ya Busisi na Kigongo. Zamani safari hii ilikuwa ni kungoja pantoni. Pita Mwanza, kisha fuata barabara ya Musoma hadi Kisesa, na usikose kuingia Bujora. Hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa kwa juhudi za padre wa Kikanada, David Clement, pamoja na wenyeji. Humo mna ngoma za watemi, viti vyao, zana za wahunzi na vifaa vya vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Vitu hivyo vilitoka katika nyumba za watu. Waliokubali kuvitoa walielewa kwamba kitu kilichofichwa chini ya uvungu hufa pamoja na mwenyewe, lakini kilichowekwa mbele ya wote huendelea kusema.

Hapa ndipo tunapolirudia neno ngitili. Ngitili haikuhitaji fedha nyingi. Ilihitaji wanakijiji wakubaliane kwamba sehemu hii haiguswi, na atakayeigusa atajibu. Kumbukumbu za vita nazo zaweza kutunzwa hivyo hivyo. Si lazima tuanze na ndege nzima. Tunaweza kuanza na chumba kimoja cha shule, kabati lenye kufuli, na daftari la kuandikia kila kitu kimetoka kwa nani na lini.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kufunga safari fanya jambo moja nyumbani kwako. Muulize mama au baba kama babu aliacha kitu chochote cha jeshi: nishani, picha, barua, kofia. Ukikipata usikisugue kwa mchanga kiking'ae, maana utafuta maandishi. Kifute kwa kitambaa kikavu, na ukiweke mbali na unyevu. Nyuma ya picha, kwa penseli, andika jina la aliyemo na mahali alipopigana, kama kuna anayekumbuka. Na kama yuko mzee bado hai aliyeona Dakota zikiangusha chakula, au aliyesikia makombora ya Saanane, keti naye Jumapili hii na daftari mkononi. Kazi hiyo haingojei ruzuku wala mgeni kutoka ng'ambo.