Baba Neema Alipoleta Gari la Spoti

Akina mama wenzangu, gari la spoti lililokwisha kutumika likiingia katika ua wa familia haliingii peke yake. Huja na furaha ya baba, macho ya majirani, na maswali ambayo mara nyingi humwangukia mama. Litakula fedha kiasi gani? Watoto watakuwa salama ndani yake? Ada ya shule itabaki?

Kwetu Arusha maswali hayo yalifika Oktoba 2022, mume wangu aliponunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Ilikuwa ndoto yake tangu utotoni. Miaka ya 1995, 1996 na 1997 Subaru ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mashindano ya magari, na mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza. Baba Neema alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, akifuatilia kwa redio. Alijiwekea fedha kidogo kidogo kwa miaka sita, nasi tukakubaliana jambo moja kabla hajalipa: fedha za Neema kuanza kidato cha kwanza Januari hazitaguswa.

Wiki ya pili gari likaanza kuugua. Tukisimama kwenye taa za barabarani, harufu ya oili inayoungua ilijaa ndani na moshi mwembamba ukatoka chini ya boneti. Asubuhi lilitetemeka na kumisi. Injini ikiwa baridi ilisikika sauti ya kugonga. Na kila tulipokata kona kali polepole, kama wakati wa kuegesha, gari lilikuwa zito, kana kwamba mtu ameshika magurudumu.

Fundi wa kwanza alilisikiliza dakika chache, akatikisa kichwa. “Mama Neema, injini hii imechoka. Tuifungue yote. Andaeni kama milioni tatu.”

Nyumbani fedha ya kiasi hicho ilikuwa moja tu, ile ya Neema. Usiku ule mume wangu hakula vizuri. Hakuniomba tuiguse, lakini nilijua anaifikiria, na yeye alijua kwamba ninajua.

Mimi si fundi. Lakini nimelea watoto watatu, na kila mama anajua daktari anavyouliza mtoto akipelekwa kliniki. Homa ilianza lini? Inapanda usiku au mchana? Amekula nini? Hakuna daktari mwema anayempasua mtoto kabla ya kuuliza hayo. Nilimwambia mume wangu, “Baba Neema, kabla injini haijafunguliwa, tulipe gari wiki moja ya kuulizwa.” Akakubali. Nikachukua daftari la shule lililobaki na kurasa, nikawa ninaandika: saa, injini ni baridi au ya moto, tuko kwenye mlima au tambarare, sauti inakuwaje, harufu inatoka wapi.

Baada ya siku saba tulilipeleka daftari kwa fundi mzee, jirani wa shemeji yangu. Alilisoma lote kabla hajashika spana. Kisha akaanza na vitu ambavyo kuvipima hakugharimu chochote.

Kwanza alichomoa kijiti cha kupimia oili, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Oili ilikuwa imepungua karibu lita nzima. Akatueleza kwa nini jambo hilo ni zito katika gari la namna hii. Lina tabo, yaani feni ndogo inayosukumwa na moshi wa injini ili kuingiza hewa zaidi ndani ya silinda. Feni hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinacholinda mhimili wake ni oili ileile ya injini. Oili ikipungua au ikichakaa, tabo huumia mapema. Ndiyo maana pia, baada ya mwendo wa kasi au mlima mrefu, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa.

Lakini oili ilikuwa inakwenda wapi? Injini ya Impreza imelala. Silinda zake nne hazikusimama kama za magari mengi. Mbili zimelala upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Vile vifuniko ambavyo mafundi huviita tapeti kava viko ubavuni, na chini yake hupita mabomba ya ekzosi. Gasketi za vifuniko hivyo zikikauka kwa umri, oili hudondoka juu ya bomba la moto. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu yetu kwenye taa, kwa sababu gari likikimbia upepo huiondoa, likisimama hupanda.

Alipochomoa plagi, mbili zilitoka zimelowa oili. Mipira midogo inayozuia oili isiingie kwenye matundu ya plagi ilikuwa imekuwa migumu kama plastiki. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kumisi. Gasketi, mipira na plagi mpya, pamoja na ufundi, vilitugharimu shilingi 280,000.

Kuhusu sauti ya kugonga, fundi aliuliza swali moja tu: “Injini ikipata moto, sauti inabaki au inaondoka?” Daftari lilijibu: siku zote saba iliondoka kabla hatujafika barabara ya lami. Akasema sauti inayopotea injini ikipashika mara nyingi ni ya pistoni zilizolegea kidogo kwa umri, na injini inaweza kuishi nayo miaka. Ya kuogopwa ni ile inayobaki au kuzidi injini ikiwa ya moto, na kugonga kwa nguvu zaidi ukikanyaga mafuta. Mama ukiisikia hiyo, zima gari papo hapo na livutwe. Usijaribu kufika nyumbani.

Ule uzito kwenye kona ndio ulionishangaza zaidi. Fundi alitazama tairi. Mbele kulikuwa na mpya, nyuma kuukuu za aina nyingine. Impreza husukumwa na magurudumu yote manne, na katikati ina difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi za mzingo tofauti huilazimisha difu hiyo kufanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka ikachoka. Subaru hushauri tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani karibu milimita 6. Gari lilipopigwa jeki nilizungusha kamba nyembamba kwenye kila tairi, kisha nikaipima kwa futi yangu ya kushonea. Tofauti ilizidi sentimita 3.

Likabaki jambo moja ambalo halikuwa na dalili yoyote, nalo ndilo lilikuwa hatari kuliko yote: mkanda wa taimingi. Katika injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari letu lilikuwa limekwisha kutembea kilomita 140,000, na hatukupewa karatasi wala hatukuona alama yoyote kwamba uliwahi kubadilishwa. Mkanda huo haupigi kelele kabla ya kukatika. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo zile milioni tatu za fundi wa kwanza zingekuwa za kweli. Fundi mzee alisema wazi, “Ningekuwa mimi, lisitoke getini mpaka mkanda ubadilishwe.”

Tairi nne zinazofanana zilikuwa shilingi 720,000. Mkanda, roli zake, pampu ya maji na ufundi vilikuwa 600,000. Mume wangu alikaa kimya kidogo, kisha akaenda nyuma ya gari. Mwenye gari wa awali alikuwa amefunga spika kubwa za muziki zilizojaza buti nzima. Baba Neema aliziuza kwa shilingi 700,000, akaongeza kidogo, akanunua tairi. Gari likakaa chini ya mwembe wiki saba mpaka fedha ya mkanda ikapatikana kutoka kwenye mshahara wake. Siku zote hizo alipanda daladala. Majirani walisema maneno yao. Yeye aliniambia, “Waache waseme. Mtoto ataenda shule.” Januari 2023 Neema alianza kidato cha kwanza, ada ikiwa imelipwa yote.

Kwa mama ambaye mumewe au kijana wake analeta gari kama hili, ninaandika yale tunayoyafuata hadi leo.

Oili hupimwa kila Jumamosi asubuhi. Kulanti hutazamwa injini ikiwa baridi, na mfuniko wa rejeta haufunguliwi kamwe ikiwa ya moto. Sindano ya joto ikipanda kwenye foleni na kushuka njia ikifunguka, feni za rejeta ndizo hutazamwa kwanza. Mapovu yakiendelea kutoka kwenye chupa ya kulanti, gasketi ya silinda hedi ipimwe haraka. Gari likipoteza nguvu huku likitoa sauti ya “fyuu” ukikanyaga mafuta, mipira ya hewa ya tabo na klipu zake zikaguliwe kabla ya kununua tabo nyingine. Taa ya injini ikiwaka, gari lipimwe kwa kompyuta, na msimbo uandikwe kabla haujafutwa.

Tairi, breki, mkanda wa taimingi na mikanda ya viti vya nyuma hutangulia. Rangi, ringi za kung'aa na muziki hungoja. Watoto hawakupanda gari letu mpaka kila mkanda wa kiti cha nyuma ulipovutwa na kushika.

Daftari sasa linakaa ndani ya dashibodi, kalamu imefungwa kwa uzi. Gari lako likiwa na dalili ambayo sikuitaja hapa, anza vivyo hivyo: andika saa, joto, mwendo na sauti kwa siku saba, kisha umpe fundi asome kabla hajafungua hata nati moja.