Shene ya Kinga Haikatiki kwa Siku Moja



Leo sikuletei hubiri. Nataka tuzungumze juu ya shene ya kinga. Pengine utacheka na kusema: "Muchungaji amekosa maneno?" Ngoja kwanza. Niko na deni, na njia ya kulilipa ni kukuonya wewe.

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa mvua kubwa. Magaribi kijana mumoja alifika kwetu Kalubwe: "Baba pastori, nkambo anakuita. Hali yake si muzuri." Nkambo huyo alikuwa mama wa kanisa letu, alikuwa mugonjwa kule Katuba. Nikachukua kinga mbio. Lakini ilikuwa juma mbili shene inaanguka-anguka. Kila mara niliirudisha na vidole, nikapanguza mikono kwa majani, nikaendelea. Nilijiambia: "Nitaitengeneza kisha yenga." Yenga ikapita, na ingine ikapita.

Kufika Kamalondo, shene ikakatika. Mguu ulienda chini bila kitu, nikaanguka ndani ya maji. Nikasukuma kinga kwa miguu, giza na mvua, mpaka Katuba. Nilipofika, wamama walikuwa wamekwisha kuanza kulia. Binti yake hakunikasirikia. Alisema tu: "Alikuuliza mara tatu." Neno hilo liko nami mpaka leo.

Kesho yake nikapeleka kinga kwa fundi, muzee mumoja aliyetumika ku Gécamines mpaka mwaka wa 2003, wakati watu zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Akashika shene mukononi, akanitazama: "Pastori, hii haikukatika jana. Ilianza zamani. Ni weye hukuisikia." Nikamuomba anifundishe. Sasa sikiliza na wewe.

Shene inasema mbele ya kukatika. Ikilia kama panya, imekauka, inaomba mafuta. Ikianguka, imelegea, ao gurudumu ya nyuma imekaa upande, na pinyo mbili haziko tena mustari mumoja. Ikiruka wakati unakanyaga kwa nguvu, shene ao meno ya pinyo yamelika. Ikishtuka kila mara, kuna kipande kimoja kilichokakamaa: tia tone la mafuta, kikunje pole pole kuume na kushoto mpaka kilegee.

Namna gani kujua kama imekwisha? Chukua metre. Kutoka pini moja mpaka pini ya pili ni milimetre 12.7, hata kinga ikitoka Inde ao China. Basi hesabu vipande 24: shene mupya itakuwa karibu milimetre 305. Ikifika 308, badilisha. Usifikiri chuma kimevutika kama mupira. Hapana, ni pini na matundu yake yanalika, kila moja kidogo sana. Lakini kidogo mara 24 kinaonekana. Ukiiacha, itakula meno ya pinyo mpaka yawe makali kama musumeno. Hapo hata ukinunua shene mupya itaruka, na utalipa vyote viwili.

Sasa kuilinda. Kila siku ya posho, fanya hivi. Kwanza, pitisha kitambaa kikavu pande zote. Ikiwa chafu sana, isugue na broshi na petroli kidogo, uache ikauke. Kisha tia tone moja tu la mafuta kwa kila kipande, zungusha pedali, ngoja kidogo, halafu panguza mafuta yanayobaki inje. Kazi ya mafuta iko ndani, kwa pini. Ya inje yanaita vumbi, na vumbi letu jekundu la mwezi wa tano mpaka wa kumi likichanganyika na mafuta linasaga chuma. Mafuta ya vidanje usiyatumie, juu yamekwisha kuchukua uchafu na unga wa chuma wa moteri. Wakati wa mvua, panguza shene siku ileile, usingoje kutu.

Pili, sukuma shene katikati kwa kidole. Icheze juu na chini karibu sentimetre 1 ao 2, pahali inapokazika zaidi. Ikizidi, legeza bulo mbili za gurudumu ya nyuma, vuta gurudumu nyuma, angalia isimame katikati, kaza. Usikaze shene kama waya wa gitare, utaharibu biye za gurudumu.

Tatu, angalia kile kifungo chenye kibanio. Upande uliofungika utangulie kule shene inakokwenda, upande wazi ufuate nyuma. Ukikiweka kinyume, kinaweza kuruka njiani.

Vijana wa moto musicheke: na ninyi shene yenu inalika vilevile, tena kwa mbio zaidi. Na wababa mnaoleta makala ku mugini kwa njia ya Kasenga na ya Likasi, ninyi ndio ninawafikiri sana. Shene ikikatika katikati ya pori na magunia juu, minerval ya mutoto inalala njiani.

Munakumbuka wale mabikira kumi katika Matayo 25. Wale watano wapumbafu hawakukataa kwenda arusini. Walipenda sana. Walikosa mafuta tu, na mulango ukafungwa. Hata mimi nilimupenda yule mama, lakini upendo wangu ulikuwa juu ya shene kavu. Angalia na nyumba yako: neno gani linalia kila siku kati yako na bibi yako, ao na mutoto wako, na unalirudisha na vidole tu, unasema "kisha yenga"?

Siku hizi kila posho jioni ninakaa ku mulango na kitambaa, mutoto wangu anazungusha pedali. Tunamaliza kwa dakika 15. Kule Katuba, dakika hizo zingetosha.

Bwana akubariki. Lakini mbele ya kufungua ukurasa mwingine, nenda kwanza kuangalia shene yako.